Umoja Usiwe Kifuniko cha Dhuluma Vyuoni

Katika siasa za nchi yetu hakuna neno tamu kuliko umoja, na hakuna neno lililotumiwa mara nyingi zaidi kuwafunga watu vinywa. Tangu Juni 1982, Bunge lilipoingiza Kifungu cha 2A katika Katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, hadi Desemba 1991 kifungu hicho kilipofutwa, kila aliyethubutu kudai chama cha pili aliambiwa kuwa yeye ni mkabila, kuwa analigawanya taifa, na kuwa ametumwa na mabwana wa kigeni. Sisi tulio katika safu za mageuzi twaijua hoja hiyo kwa sura na kwa harufu. Ndiyo maana hatuwezi kunyamaza tunapoisikia leo ikitolewa tena, safari hii katika kumbi za vyuo vyetu, na wakati mwingine na watu wanaojiita wanamageuzi, dhidi ya mwanafunzi anayesimama kuwatetea wenzake waliotengwa.

Mwanafunzi tunayemkusudia hana bunduki wala hana chama cha siasa. Pengine ni msichana aliyetoka Moyale au Lodwar, wa kwanza katika kijiji chao kuvuka lango la chuo kikuu. Pengine ni kijana asiyeona, anayengoja wiki nzima asomewe kitabu ambacho wenzake walikimaliza kwa usiku mmoja. Pengine yeye mwenyewe hajatengwa kwa lolote, ila moyo wake umekataa kumwona mwenzake akitengwa. Anayoyafanya ni mambo madogo: anaandika barua, anakusanya sahihi, anasimama katika mkutano wa wanafunzi na kuuliza ni kwa nini jina la fulani halimo katika orodha ya mikopo. Mara tu anapouliza, hujibiwa kwa njia mbili. Wakuu wa chuo humwambia kwamba alikuja kusoma, hakuja kufanya siasa. Wenzake katika chama cha wanafunzi humwambia asubiri: kwanza tupiganie ada, kwanza tupambane na serikali, mambo ya wachache yatafuata, kwa sasa asitugawanye.

Hoja ya zamani katika vazi jipya

Jibu la kwanza halihitaji maneno mengi, kwani historia imekwisha kulijibu. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa Chama cha Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, alikamatwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kosa la uchochezi. Hakutoka akiwa hai. Alifia gerezani mwaka 1988. Mwaka 1987 SONU yenyewe ilipigwa marufuku, na mwenyekiti wake wa wakati huo, Wafula Buke, akafungwa. Februari 1997 Solomon Muruli, kiongozi wa wanafunzi, aliteketea ndani ya chumba chake katika bewa la Kikuyu, wiki chache tu baada ya kumtambua ofisa wa polisi aliyemshutumu kuwa miongoni mwa waliomteka nyara na kumtesa. Vijana hao walikuja chuoni kusoma, na walisoma. Walichosoma kiliwafundisha kwamba nchi yao haikuwa sawa. Anayemwambia mwanafunzi asome bila kuuliza anamwomba afanye kazi ya kasuku.

Jibu la pili ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu linatoka kwa marafiki. Nalo tulilisikia zamani. Walioshika dola mwaka 1990 walionya kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila. Vita vilipozuka katika Bonde la Ufa kuanzia Oktoba 1991, walitunyooshea kidole wakisema: je, hatukuwaambia? Lakini kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998, zilitoa ushahidi wa namna wanasiasa na watumishi wa serikali walivyokuwa na mkono katika moto ule. Aliyedai haki hakuwasha kiberiti. Kiberiti kiliwashwa na yule aliyeona kwamba haki ikipatikana yeye atapoteza.

Basi na tulipime jambo la vyuoni kwa mizani hiyo hiyo. Chuo ambacho mwanafunzi kiziwi anaketi darasani muhula mzima bila mkalimani hakina umoja wa kugawanywa. Chuo ambacho mwanafunzi wa Kisomali anaulizwa kitambulisho langoni mara tatu huku wenzake wakipita kwa salamu hakina umoja wa kugawanywa. Ufa ulikuwapo kabla ya mtu yeyote kuutaja. Anayeutaja ameonyesha tu mahali pa kutia saruji. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba anayeuonyesha ufa ndiye aliyeupasua.

Pembezoni hapakuumbwa na Mungu

Wapo wasomaji watakaouliza: kwani hawa waliotengwa walitengwa na nani? Je, si hali ya nchi yao, ukame na umbali? Hapana. Pembezoni mwa Kenya palitengenezwa kwa kalamu. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mwaka 1902 ya kufunga wilaya za mbali, na nyingine ya mwaka 1934 iliyowapa maofisa mamlaka makubwa juu ya watu wa wilaya maalum za kaskazini, hata mtu hakuweza kuingia wala kutoka kwa hiari yake. Uhuru ulipokuja, mambo hayakunyooka. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, na sheria zake zilidumu hadi mwaka 1991. Mwaka 1965 Waraka wa Serikali Nambari 10 ulieleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapoleta mazao mengi kwa haraka. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na reli, mvua na mashamba aliongezewa, na asiyekuwa navyo aliambiwa angoje.

Kungoja huko kulikuwa na damu. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 iliyaorodhesha mauaji hayo miongoni mwa ukiukaji mkubwa kabisa wa haki za binadamu katika historia yetu. Miaka mitano baada ya Wagalla, mwaka 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali waliotimiza umri wa miaka 18 waliamriwa kuthibitisha uraia wao upya na kubeba kadi ya ziada ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuwa nayo.

Na tuzingatie jambo moja. Mwaka ule ule wa 1991 ulioona mwisho wa Kifungu cha 2A ndio ulioona mwisho wa sheria za hali ya hatari kaskazini. Tukio la kwanza linaadhimishwa kwa hotuba; la pili hulikumbuka hasa wale walioishi chini yake. Hata hivyo yalikuwa matunda ya mti mmoja. Lau haki ya Nairobi na haki ya Wajir zingekuwa mambo mawili tofauti, minyororo yake isingelegea kwa mwaka mmoja. Anayemwambia mwanafunzi wa Wajir asubiri hadi sisi tumalize kwanza hajaisoma vizuri hata historia ya ushindi wetu wenyewe.

Yanayodaiwa ni mambo gani?

Hoja za jumla huweza kumficha mtu, kwa hiyo ni vyema tuseme waziwazi ni mambo gani mwanafunzi huyu anayadai.

La kwanza ni karatasi. Kijana wa Kenya anayetaka mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, anahitaji kitambulisho cha taifa. Kwa wengi wetu kitambulisho ni jambo la kwenda kwa chifu na kungoja siku kadhaa. Kwa kijana wa Kinubi wa Kibera, ambaye babu yake aliletwa na Waingereza kama askari na akazikwa katika ardhi hii, kilikuwa ni jambo la kupangwa mbele ya kamati na kuulizwa babu wa babu yake alitoka wapi. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Wamakonde wa Kwale iliwabidi kufunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Washona walitambuliwa mwaka 2020, na Wapemba wa pwani mwaka 2023. Kabla ya miaka hiyo, mtoto wa jamii hizo aliyefaulu mtihani alifika kwenye mlango wa chuo na kukuta umefungwa kwa kukosa kipande cha kadi. Februari 2025 Rais alitangaza mjini Wajir kufutwa kwa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani wanapoomba kitambulisho. Tangazo ni neno, na neno si kitambulisho mkononi. Mwanafunzi anayefuatilia ofisi kwa ofisi ili kuhakikisha kwamba mwenzake amepata kadi kabla ya siku ya mwisho ya kuomba mkopo anaifanya kazi ambayo wabunge wanalipwa kuifanya.

La pili ni mwili. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu, kufika mahali pa umma, na kutumia lugha ya ishara, Breli na njia nyingine zinazomfaa. Kifungu cha 7 kinaitaka dola iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Tangu 2003 tumekuwa na sheria ya watu wenye ulemavu, na mwaka 2025 ikatungwa nyingine mpya. Lakini sheria haipandi ngazi. Darasa likiwa ghorofa ya nne na lifti imekufa, mwenye kiti cha magurudumu hubebwa mgongoni kama gunia, au hukosa somo. Anayelidai hili haombi sadaka. Anaomba kile ambacho nchi imekwisha kukiahidi kwa maandishi.

La tatu ni shaka. Aprili 2, 2015 magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Wakristo na Waislamu, na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hatuandiki haya kwa wepesi. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wazazi na makanisa waliopokea majeneza. Lakini kusudi la muuaji lilikuwa hasa kwamba Mkristo na Mwislamu, mtu wa bara na mtu wa kaskazini, wasiketi tena darasa moja. Kila tunapomtazama mwanafunzi wa Kisomali kana kwamba yeye ndiye aliyebeba bunduki ile, tunaimaliza kazi ambayo muuaji aliianza. Desemba mwaka ule ule, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposimamishwa na wauaji, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, naye akafariki Januari 2016. Mwanafunzi anayepinga upekuzi wa kibaguzi langoni anafuata nyayo za mwalimu huyo.

La nne ni kiti mezani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sheria ya Marekebisho ya Vyuo Vikuu ya 2016 iliweka uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi kwa njia ya wajumbe, ikataka mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia tofauti, na ikatenga nafasi za kuwakilisha maslahi maalum. Wanafunzi wengi walilalamika, na kwa haki, kwamba njia ya wajumbe inawapunguzia sauti na kurahisisha kazi ya mwenye fedha za kuwanunua wachache. Lakini hata uchaguzi wa moja kwa moja hauwatoshi wale ambao idadi yao ni ndogo siku zote. Watu ishirini hawawezi kuwashinda elfu kumi kwa kura, wala hawapaswi kuhitaji kuwashinda ili kupata mkalimani. Nafasi zilizotengwa zinapogawiwa kama zawadi kwa marafiki wa mwenyekiti, anayeibiwa ni yule ambaye nafasi hiyo ilikuwa mlango wake wa pekee.

Tofauti ya utetezi na ukabila

Twakiri kwamba hofu ya ukabila vyuoni si ya kubuni. Vipo vyama vya wanafunzi vya kimaeneo vinavyofufuka kila uchaguzi wa taifa unapokaribia, vikapewa basi, nyama choma na fulana, kisha vikamkabidhi mwanasiasa orodha ya kura. Hivyo ndivyo vinavyougawanya umma wa wanafunzi, na tumevipinga na tutaendelea kuvipinga. Swali ni namna ya kumtambua mtetezi wa haki na kumtofautisha na dalali wa kabila.

Sisi twapendekeza kipimo chepesi. Uliza: anachokidai mtu huyu, kikitolewa, kitampunguzia nani haki yake? Dalali wa kabila anadai kazi, vyumba na nafasi kwa ajili ya watu wake, na kila anachopata kimetolewa kwa mwingine. Mtetezi anadai kanuni. Njia ya kiti cha magurudumu ikijengwa, aliyevunjika mguu uwanjani ataitumia pia. Kitambulisho kikitolewa bila hongo wala maswali ya ukoo, hata kijana wa Nyeri na wa Kisii watakipata kwa heshima zaidi. Kamati ya nidhamu ikilazimishwa kumsikiliza Mturkana kabla ya kumfukuza, itazoea kuwasikiliza wote. Haki ya aliye mnyonge ikilindwa, ya kila mtu huwa imelindwa, kwa kuwa hakuna aliye mnyonge kuliko yeye.

Lugha yetu ina methali isemayo: Mgala muue na haki yake mpe. Jina hilo watu wa pwani waliwapa Waorma na jamaa zao, watu ambao hadi leo wanahesabiwa miongoni mwa waliotengwa, na wenyewe hawalipendi. Methali ilitungwa na watu waliokuwa wakipigana nao. Hata hivyo, katikati ya uadui ule, aliyeitunga alijua kwamba ipo haki ambayo hata adui hanyang'anywi. Ikiwa mababu waliweza kusema hivyo juu ya adui, sisi tutashindwaje kusema zaidi ya hivyo juu ya mwanafunzi mwenzetu, ambaye hajatukosea lolote?

Kama kuna anayedhani kwamba kuwasikiliza wachache kunadhoofisha harakati, na akumbuke Juni 2024. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo walijitangaza kuwa hawana kabila. Hawakujenga umoja wao kwa kumwamuru yeyote asahau lugha ya mama yake. Walifanya kinyume: waliueleza mswada kwa lugha za nyumbani, ili bibi wa kijijini aelewe kodi ya mkate kama alivyoielewa mwanasheria wa Nairobi. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na wengine wakapigwa risasi. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Umoja ule ulikuwa na nguvu kwa sababu kila mmoja aliingia kwa mlango wake mwenyewe na kukuta nafasi.

Neno kwa makanisa

Sasa twageukia nyumba ya Bwana, kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu huusoma baada ya ibada. Makanisa yetu yana historia ambayo hatuna budi kuikumbuka kwa shukrani. Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri juu ya mwisho wa tawala za chama kimoja wakati ambapo wengi waliogopa hata kunong'ona. Askofu Alexander Muge, aliyesema juu ya njaa ya Pokot ilhali wakubwa wakiikana, alikufa barabarani Agosti 1990 akirejea kutoka Busia, baada ya waziri mmoja kumtisha kwamba akikanyaga huko hatarudi salama. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa kwa marungu kutoka bustani ya Uhuru, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Na Julai 7, 1997 polisi waliingia katika kanisa hilo hilo na kuwapiga waliokuwamo. Kanisa lilipigwa kwa sababu lilikuwa limefungua mlango.

Swali letu ni moja: mlango ule uko wazi bado kwa mwanafunzi? Katika Injili twasoma habari za mtu aliyepooza, aliyeletwa na watu wanne kwa Yesu. Nyumba ilikuwa imejaa. Hakuna anayesimulia kwamba waliokuwamo walikuwa waovu. Walikuwa wasikilizaji wa neno, wamebanana tu, na migongo yao ikawa ukuta. Wale wanne hawakumwambia mgonjwa asubiri hadi mkutano uishe. Walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha. Bila shaka vumbi liliwaangukia waliokuwa wameketi vizuri, na bila shaka mwenye nyumba alihesabu gharama. Lakini Bwana hakumkemea mtu kwa dari iliyoharibika. Aliiona imani yao. Mwanafunzi mtetezi ni mmoja wa wale wanne, na vumbi analotuangushia ndilo linalotufanya tuseme kwamba anavuruga ibada.

Kwa hiyo twayaomba makanisa yaliyo karibu na vyuo, na makasisi wa vyuoni, mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Watoe ukumbi bila malipo kwa mkutano wa wanafunzi wanaotetea waliotengwa, wawe Wakristo, Waislamu au wasio na dini. Mwanafunzi akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu ya barua aliyoandika, mchungaji aombe kuketi naye, au angalau aonekane mlangoni. Wakubwa huwa waangalifu zaidi wanapojua kuna shahidi. Wanasheria walio washiriki watenge alasiri moja kwa mwezi kuwasaidia vijana kujaza fomu za kitambulisho na za mkopo, na kuandika malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pale wanapozungushwa. Ibada iwe na mkalimani wa lugha ya ishara, ili mwanafunzi kiziwi asikute kanisani ukimya ule ule alioukimbia darasani. Na harambee zetu, ambazo zimejenga minara mingi, zijenge pia njia moja ya kiti cha magurudumu mahali chuo kimekataa kuijenga, ili aibu iwarudie wanaostahili.

Kwa wanaharakati tuna neno fupi zaidi. Msimpokonye mwanafunzi huyu kipaza sauti kwa kisingizio cha kumsaidia. Waliotengwa wana vinywa vyao. Mara nyingi mno mtetezi wa mjini huenda kaskazini kwa siku mbili, akarudi na picha, kisha akawa ndiye msemaji wa kaskazini katika kila semina. Mwanafunzi aliyetoka huko asiwe mapambo ya jukwaa letu. Awe miongoni mwa wanaopanga ajenda, wanaoshika daftari la fedha, na wanaoamua maandamano yawe lini na yasiwe lini, kwa sababu virungu vikianza, aghalabu yeye asiye na jamaa mjini ndiye atakayelala kituoni bila wa kumtolea dhamana.

Ahadi iliyoandikwa

Tulipokesha kwa ajili ya Katiba mpya hatukukesha kwa ajili ya karatasi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, ulemavu na mengineyo. Kifungu cha 56 kinaitaka dola iweke mipango ya kuwapa walio wachache na waliotengwa nafasi katika uongozi, elimu na ajira. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, ipewe nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Maneno haya ni mazuri kuliko ya katiba nyingi duniani. Lakini hakuna kifungu kinachojitekeleza chenyewe. Kila kimoja kinahitaji mtu wa kukichukua, kukipeleka mbele ya ofisa aliyeketi, na kusema: hapa pameandikwa hivi, mbona mnatenda vile?

Mtu huyo, katika mwaka huu na katika vyuo vyetu, ni kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye viatu vilivyochakaa na barua yenye sahihi arobaini. Ana mtihani wiki ijayo. Mzazi wake amempigia simu kumsihi asijiingize katika matata, na mzazi huyo ana sababu, kwa maana yeye alikumbana na Kenya ya kadi za ziada. Akiachwa peke yake, atanyamaza, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Atamaliza masomo, atapata kazi, na atajifunza kwamba katika nchi hii mwenye busara hufunga mdomo. Kisha miaka ishirini baadaye tutamkuta ofisini, nyuma ya meza, akimwambia kijana mwingine asubiri.

Ndugu wapenda haki, jambo hilo lawezekana kuzuiwa muhula huu huu. Kila parokia, kila ushirika na kila kundi la mageuzi lililo karibu na chuo na litafute mwanafunzi mmoja anayefanya kazi hii. Limwulize anahitaji nini. Kisha limpe kimoja kati ya atakavyovitaja, kabla ya kumpa ushauri.